Muulize Fundi: Wosha sifuri

Toleo lililopita nilijibu swali la pampu ya kisima, na katikati ya jibu nikavitaja, kwa kupita tu, vile vifungo vya kava vinavyogeuzwa robo ya mduara: unaingiza bisibisi, unageuza mara moja, bati linabaki mkononi. Sikujua kwamba nimechokoza mzinga. Barua zilizokuja juu ya hicho kitu kimoja ni kumi na moja. Nimechagua tano.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi wa ndege mstaafu, naishi Dar es Salaam, na kwa miaka thelathini na mbili nimefungua na kufunga vifuniko vya injini za ndege, nyingi zikiwa ndege ndogo za Cessna. Kwenye rafu ya jikoni kwetu liko kopo la biskuti lililojaa vifungo hivi. Mke wangu amepiga marufuku lisikae karibu na kopo lake la vifungo vya nguo tangu siku nilipoyachanganya. Kopo hilo lina kisa, nitakisema mbele.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ya kuchomelea hapa Tanga. Nimepata kazi ya kutengeneza makasha ya kupunguza kelele za jenereta, na matatu ya mwanzo nimeshakabidhi. Kila kasha lina milango minne ya bati la geji 16, fremu ni geji 14, ukingoni nimebandika raba ya sponji. Vifungo ni vya robo mzunguko, nimevinunua Dar kwa mtu anayeuza vya mtumba na vipya kwenye meza moja. Vingine vinabana hadi nashika koleo, vingine vinazunguka kama kitasa kibovu. Wiki iliyopita mteja amenipigia: mlango umedondoka jenereta ikiwa inaunguruma. Muuzaji anasema niongeze wosha. Niongeze wosha ngapi? – Mchomeleaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wosha sifuri.

Sogea nikuonyeshe ulichonunua. Dukani umeona kichwa, ukachagua kichwa. Lakini kifungo hiki ni vitu vitatu. Kuna pini inayokaa kwenye mlango, na ubavuni mwake umechongwa mfereji unaopanda kwa kujipinda, kama ngazi ya mnara wa msikiti. Kuna pete inayoizuia pini isidondoke mlango ukiwa wazi. Halafu kuna kipokeo kwenye fremu: ama waya wa springi uliopigwa ribiti ncha zote mbili, ama kikombe kidogo chenye springi yake. Ukigeuza pini, mfereji unaukamata ule waya na kuuvuta. Mwisho wa mfereji kuna kishimo, waya unazama humo, unasikia "tak". Hiyo "tak" ndiyo uliyolipia pesa.

Nguvu yote ya kushika inatokana na ule waya kuvutwa kiasi chake. Na kiasi hicho kinaamuliwa na unene wa kila kitu kilicholala kati ya kichwa cha pini na kipokeo. Pini ikiwa ndefu kuliko unene huo, waya hauvutwi. Hicho ndicho kitasa chako kibovu. Pini ikiwa fupi unashika koleo, unaupinda waya hadi unasahau umbo lake, na ukishaufungua na kuufunga mara kadhaa hata hicho kigumu kinalegea. Kwa hiyo kasha lako halina magonjwa mawili. Lina ugonjwa mmoja: hukupima.

Chukua karatasi tupime pamoja. Bati la geji 16 kwa vipimo vya Kiingereza ni milimita 1.6. Fremu ya geji 14 ni milimita 2. Raba yako, tuseme ni ya milimita 5. Sasa wengi hujumlisha hapo hapo: 8.6, wanakwenda dukani. Subiri. Ile raba haitakaa 5 mlango ukifungwa. Ingekaa 5 isingezuia kitu. Katia kipande kidogo, kiweke kati ya mabati mawili, kibane kwenye jiliwa mpaka kiwe kimekaza kama unavyotaka kikaze mlangoni, halafu pima kwa kalipa. Sponji ya aina hiyo ikishuka hadi 2.5 usishangae. Kisha rangi. Kama unapeleka makasha kupakwa rangi ya unga, kila uso hubeba kati ya mikroni 60 na 100 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na hapa una nyuso nne: mbili za mlango, mbili za fremu. Weka milimita 0.3. Jumla: 1.6 na 2 na 2.5 na 0.3, tunapata 6.4. Kati ya 8.6 na 6.4 kuna milimita 2.2. Watengenezaji hupanga pini zao kwa hatua zilizo chini ya milimita moja, hivyo kosa hilo ni la saizi kama tatu nzima.

Na usiniamini hata mimi kwenye hiyo 1.6. Mabati yanayouzwa kwa jina la geji 16 nimeyapima mara nyingi nikakuta 1.4, na mara moja 1.3, na muuzaji akaapa mbele yangu. Pima bati lako, si jina lake.

Ukishapata unene, ndipo unakwenda kwenye orodha ya mtengenezaji na kusoma pini ipi ni ya unene upi. Kila mmoja ana namna yake ya kuhesabu: wengine wanahesabu mlango na fremu pamoja, na kwa ile aina ya waya wa springi, urefu wa pini na kimo cha waya huenda wawili wawili kama mapacha, ukibadilisha kimoja badilisha na kingine. Ndiyo maana pini ya kampuni hii na kipokeo cha kampuni ile, hata kama vinaingiana, mimi sivitii kwenye kazi. Hapo ndipo meza ya yule bwana ilipokuponza, kwani naamini amekuuzia vya kampuni tatu kwenye mfuko mmoja.

Kuhusu wosha, nisimwonee. Ukiweka wosha chini ya kichwa cha pini ndefu, kweli itabana. Itabana leo. Lakini wosha haina wa kuishika, inatembea, inakwangua rangi, na siku mlango unafunguliwa usiku kwa tochi inaanguka kwenye feni ya injini. Kwa zile pini fupi ndiyo unaongeza maradhi.

Jaribio la mkono ni hili. Funga kwa bisibisi pana, bila kushindilia. Ugumu uanze kidogo, uongezeke, kisha ghafla mkono ushuke: waya umezama kishimoni. Ukiweza kuifunga pini ya kichwa bapa kwa ukucha, ni ndefu. Ukihitaji koleo, ni fupi. Hakuna haja ya mashine hapa, na tafadhali usifunge kwa keekee ya umeme. Mfereji unalika kama sabuni.

Sasa kosa lako la pili, ambalo hukuniandikia. Mlango umedondoka, sivyo? Basi nahisi umeuning'iniza kwenye vifungo peke yake. Tundu la mlango ni pana kuliko pini, kwa makusudi, ili pini icheze kidogo itafute kipokeo. Maana yake uzito wa mlango hauna pa kukaa. Unaegemea pini, na injini inayozunguka mara 1500 kwa dakika inautikisa mlango huo mara 25 kila sekunde. Vifungo hivi kazi yake ni kuvuta mlango uje kwenye fremu. Kubeba si kazi yake. Kunja mdomo chini ya mlango, urefu wa kidole, uingie kwenye mfereji wa fremu, ubebe uzito wote. Au weka vichuma viwili vya kuongoza kila upande. Vifungo viwekwe juu na ubavuni. Utashangaa: huenda badala ya, tuseme, sita kwa mlango ukatumia vinne.

Umbali kati ya kifungo na kifungo? Sina namba moja ya kukupa, inategemea ugumu wa bati lako na ukaidi wa raba. Fanya hivi: kata vipande vya karatasi ya daftari, viweke kati ya raba na fremu, kimoja kando ya kila kifungo na kimoja katikati ya kila viwili. Funga. Vuta. Karatasi ya kando itakataa. Ya katikati ikitoka kama bahasha mezani, bati linatuna hapo: sogeza vifungo karibu, au kunja ukingo wa bati uwe mgumu. Mimi ningekunja ukingo. Kifungo kimoja kina pini, pete, kipokeo na ribiti mbili. Mkunjo hauna kitu cha kununua.

Na kile kisa cha kopo. Nilikuwa mwanagenzi wa mwaka wa pili. Tulibadilisha raba ya ukingo wa kifuniko cha injini, na raba mpya ilikuwa nene kuliko ya zamani kwa unene wa kadi ya biashara. Nilifunga vifungo vyote kwa shida, cha saba kikakataa kabisa, nikakilalia kwa kiganja mpaka kikageuka. Nikajisifu. Ndege ikawashwa pale pale uwanjani kwa majaribio, haijaenda popote, na pembe ya kifuniko ikanyanyuka, ikaanza kupiga kama debe. Foromani aliashiria injini izimwe. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alikwenda stoo, akarudi na kopo la biskuti lenye pini za miaka yote zilizochanganyika, akaniwekea na kalipa juu yake. Siku mbili nilikaa chini nikizipima moja moja na kuzipanga kwa urefu. Siku ya kustaafu nililiomba lile kopo.

Makasha yaliyoko kwa wateja, yarudishe yote matatu. Najua ni hasara. Lakini bati la geji 16 likiangukia mguu wa mtu hasara inahama.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa ndege, Nairobi. Kwenye kichwa cha kifungo kimoja nimeona F, chini yake 6½, kisha .50. Wenzangu wanasema ni namba ya kiwanda tu. Je, ni kweli? Na hili jina Dzus, linatamkwaje, na ni la nani? – Mwanafunzi wa kike, mwaka wa kwanza

JIBU: Njema, binti yangu. Waambie wenzako wasome vichwa kabla ya kuvizungusha.

F ni kichwa kinacholala sawasawa na bati, hakijitokezi. Ungeona A kingekuwa kichwa cha mviringo kilichotuna kidogo, na W ni chenye masikio ya kushika kwa vidole. 6½ ni unene wa mwili wa pini, kwa sehemu za kumi na sita za inchi: sita na nusu ya hizo, ambayo ni karibu milimita 10.3. Na .50 ni urefu kwa sehemu za mia za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Habari yote imo kwenye kitu kidogo kama punje ya hindi.

Tunatamka "zus", ile D inamezwa. Ni jina la mtu, William Dzus, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani na kuanzisha kampuni ya vifungo hivi katika miaka ya 1930, wakati ndege zilipokuwa zinavishwa mabati na mafundi wanahitaji kuyavua upesi. Vikatapakaa, na katika Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa kwenye ndege nyingi za kijeshi. Pesa aliyopata hakuila yote: mwaka 1948 alianzisha Taasisi ya Waukraine wa Marekani, iliyoko New York hadi leo. Ni mojawapo ya sababu nakipenda kifungo chake kuliko Camloc, aina nyingine ya kifungo cha robo mzunguko, ingawa kiufundi Camloc ina ubora wake: ikifunguka, springi inasukuma kichwa juu, ukipita kando ya ndege unakiona kimesimama kama mtoto aliyenyoosha kidole darasani. Aina ya tatu utakayosomeshwa ni Airloc, pini yenye kijiti kilichopita katikati kama msalaba.

Jambo moja lililo kubwa kuliko hayo. Yule kijana wa Tanga hapo juu nimemwambia achague. Wewe usichague. Kwenye ndege, pini ya kila tundu imeandikwa kwenye kitabu cha vipuri cha ndege hiyo, na raba ikibadilika, rangi ikiongezeka, au bati likitiwa kiraka, unarudi kwenye kitabu na kwa mkaguzi wako, si kwenye kopo la biskuti. Maarifa ya kupima nakupa ili ujue kwa nini kitabu kimesema hivyo, na ili kifungo kikikataa ushuku unene, usilalie kiganja kama mimi.

Tumia ufunguo wake. Ule mwanya kichwani una sakafu iliyopinda, na ufunguo wa Dzus una ncha pana iliyopinda vivyo hivyo. Bisibisi ya kawaida inagusa kwa pembe mbili tu, inaruka, inakwaruza rangi, na siku moja itatoboa kiganja chako. Kufunga ni kwa kufuata akrabu za saa, kufungua ni kinyume. Baada ya kufunga, simama hatua mbili nyuma utazame: mianya yote ya vichwa iwe imelala upande uliopangwa. Mmoja ukiwa umeinama tofauti na wenzake, usijiambie "umekaribia". Halafu pitisha kiganja juu ya vichwa vyote. Kiganja kinajua ambacho jicho limechoka kukiona.

SWALI: Assalaam aleikum mzee wangu. Nasimamia matengenezo kwenye hoteli, pwani ya mashariki Unguja. Makabati ya umeme ya nje yana kufuli za robo mzunguko, zile za ufunguo wa meno mawili. Kila baada ya mwaka zinaganda kwa kutu, milango haibani, na mvua ya masika inaingia. Ninunue aina gani? – Msimamizi, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, bwana. Hiki chako ni ndugu, si kilekile: hakina mfereji, kina ulimi wa bati unaozunguka nyuma ya fremu. Lakini somo la unene halibadiliki. Ulimi huo umetengenezwa kukamata kwa umbali mmoja. Raba ya mlango ikizeeka na kulala, ulimi unagusa hewa. Nimeona mafundi wanaukunja kwa nyundo ili ufike. Unafika, na mwezi unaofuata unakatika. Ndimi huuzwa za mikunjo tofauti. Toa mmoja, pima kutoka uso wa ndani wa mlango hadi fremu raba ikiwa imebanwa, nunua unaolingana. Bora zaidi kwa mahali pako ni ile aina inayogeuka kwanza kisha ikavuta mlango ndani. Raba yako ikilala kidogo, yenyewe inafidia.

Kutu: ulizonazo nadhani ni za zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa mng'ao. Chumvi ya bahari inakula mng'ao, kisha inakula zinki. Nunua stenlesi ya 316, si 304. Zinafanana kwa macho, ila 316 ina molibdenamu, inayoisaidia kustahimili chumvi. Bei inauma, nakiri. Ukitoboa tundu jipya, paka rangi ukingo wa tundu kabla ya kuweka kufuli. Kutu ya kabati huanzia hapo ulipokwangua.

Angalia pia kufuli ina alama gani ya kuzuia maji. Kabati linaweza kuwa IP65, ambapo 6 ni kwamba vumbi haliingii kabisa na 5 ni kwamba linahimili maji ya kurushwa kwa mpira, halafu fundi akatoboa mlango na kutia kufuli isiyo na pete ya raba. Hapo si IP65 tena.

Mambo mawili hukuuliza. La kwanza, ufunguo wa meno mawili huuzwa kila duka la vifaa vya umeme, hivyo kufuli hiyo inazuia upepo, haizuii mtoto wa mgeni. Kabati lililo njiani liwekee ya ufunguo wake pekee, au kufuli ya nje juu yake. La pili, na hili lifanye leo: fungua mlango wa kila kabati la chuma utazame kama kuna waya wa ethi kati ya mlango na kabati. Bawaba zimepakwa rangi, raba haipitishi umeme, kufuli ina rangi na kutu. Mlango wa chuma usio na waya wake wa ethi, ikiwa una taa au swichi juu yake na waya ukachubuka, utamngoja mtu mwenye mikono ya maji.

SWALI: Mzee shikamoo. Nina mashine ya kusaga na kukoboa, Kahama. Mkanda una kava la bati lenye bolti nane, na vijana wangu wamechoka kuzifungua kila mkanda ukiteleza, sasa kava liko nyuma ya mlango. Nataka kuweka vile vya masikio, vya kufungua kwa vidole. Unashauri? – Mwenye kinu, Kahama

JIBU: Marahaba. Nashauri leo kabla ya unga wa kwanza urudishe kava na bolti zake, hata mbili.

Kuhusu vifungo, nusu ya wazo lako ni zuri. Kava likiwa la shida halirudi. Hilo umeliona mwenyewe. Robo mzunguko itasaidia kweli. Ila usiweke vya masikio. Kinachofunguka kwa vidole kitafunguliwa kwa vidole, mkanda ukiwa unazunguka, na kijana anayedhani anaweza kuuweka sawa kwa kijiti. Weka vya mwanya, vinavyodai chombo mkononi. Sheria ya mashine ya Ulaya, ile ya 2006/42/EC, inataka hivyo hivyo: kava la kudumu lifunguke kwa chombo tu, na vifungo vyake vibaki vimeshikamana na kava au mashine likishatolewa. Hiyo ya pili ni busara tupu, maana bolti zako nane ukizihesabu sasa hivi nadhani zimebaki tano. Pini yenye pete haipotei.

Chombo chenyewe kikae kwako, au kifungwe mnyororo kwenye swichi kuu, ili anayekifuata apite kwenye swichi kwanza. Na onyo dogo: mwanya mpana hugeuzwa hata kwa sarafu ya shilingi mia mbili. Nimejaribu jikoni. Tafuta vyenye mwanya mwembamba au kichwa cha pembe sita cha kufungulia kwa ufunguo wa L.

Kava lako ni bati moja na fremu, hakuna raba, hivyo upimaji ni wa dakika mbili. Lakini unga hujaa kwenye vipokeo vya kikombe na kuganda kama ugali wa jana. Chukua vya waya, vilivyo wazi, vinavyofutika kwa brashi.

SWALI: Mzee, pikipiki yangu kava la ubavuni linashikwa na vifungo vya plastiki vya robo. Viwili vimevunjika. Fundi wa kijiweni amenitia skrubu za mbao. Ni sawa? – Dereva wa bodaboda, Mwanza

JIBU: Si sawa, ila si hatari leo wala kesho. Skrubu ya mbao inapanua tundu la plastiki kila ikikazwa, na tundu likishapasuka hununui kifungo, unanunua kava. Nenda na kava lenyewe dukani, si na kifungo kilichovunjika, ujaribu hapo hapo. Kichwa kisikuhangaishe, hata rangi isifanane. Kiingize, kigeuze, sikiliza. Kikisema "tak" na kava halichezi, lipa. Na chukua vitatu. Cha tatu kibandike kwa utepe wa gundi ndani ya kava la kiti, utakikuta siku kinapohitajika, na wewe uko Magu saa mbili usiku.